Kurudisha Kazini Mfumo wa Maji wa Gari la Kambi: Kuosha, Kuua Vijidudu na Kujaza Upya

Nairobi haina baridi ya kugandisha maji ndani ya mabomba. Hata asubuhi za Julai, wakazi wanapotoka wamejifunika makoti na skafu, ni mara chache joto kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Kwa sababu hiyo, mwenye gari la kambi hapa anaweza kudhani kwamba habari za kuliandaa gari kwa majira ya baridi, na kulirudisha kazini baridi inapokwisha, zinawahusu watu wa Ulaya na Marekani peke yao. Zinatuhusu na sisi kwa njia mbili. Ya kwanza ni gari lililonunuliwa nje, mara nyingi Uingereza kwa kuwa usukani wao uko upande mmoja na wetu, ambalo hushushwa Mombasa likiwa bado limeandaliwa kwa baridi: ama maji yamemwagwa na vali zote kuachwa wazi, ama mabomba yamejazwa dawa ya kuzuia maji kuganda. Njia ya pili, ambayo ni ya kawaida zaidi, ni gari lililoegeshwa tangu likizo ya Desemba, likakaa msimu mzima wa masika, Machi hadi Mei, na lita kadhaa za maji yaliyolala ndani ya tangi, kisha familia inataka kwenda Naivasha au Amboseli mwezi wa Juni.

Naandika mwongozo huu kwa sababu nimeona watu wengi wakifanya nusu ya kazi. Humimina klorini ndani ya tangi, hufungua mfereji wa jikoni kwa dakika moja, kisha huwapa watoto maji hayo wakiwa na moyo mtulivu. Klorini haiui kile ambacho haijakigusa. Haipenyi vizuri utelezi mzito ulioshika ukuta wa tangi, haifiki kwenye bomba ambalo mfereji wake haukufunguliwa, na haipiti kwenye kichujio cha makaa. Kwa hiyo karibu kila hatua iliyo hapa chini inalenga mambo mawili tu: uchafu uondoke kwanza, na dawa ifike kila pembe.

Maji ya kufanyia kazi

Anza kwa hesabu ya maji, kwa sababu hapa kwetu ndiyo inayoamua siku ya kazi. Miongozo iliyoandikwa katika nchi ambako mfereji wa nje haukauki humwambia mtu ajaze tangi na kulimwaga mara nne au tano bila kufikiri. Mtaani kwetu maji ya kampuni ya jiji huja kwa mgao, na siku zisizo na mgao tunaishi kwa akiba ya tangi la juu ya paa. Kumwaga lita 400 kwa ajili ya gari huku jirani wa ghorofa ya nne akingoja maji ya kupikia si jambo la uungwana.

Tuchukue mfano wa gari lenye tangi la lita 70 na hita ya maji ya lita 10. Utahitaji lita 30 mara mbili za kusuuza mwanzoni, lita 80 za kuchanganyia dawa, na lita 30 mara tatu za kusuuza mwishoni. Jumla ni lita 230, yaani mitungi kumi na miwili ya lita 20 ikiwa unanunua kwa mkokoteni. Ongeza maji ya safari yenyewe. Panga kazi siku ambayo mgao unakuja mtaani kwenu, uanze asubuhi, kwa sababu dawa pekee inataka saa nne bila kuguswa.

Kusuuza kwa nusu tangi si ubahili, na nitaonyesha hesabu yake nitakapofika huko.

Vifaa vingine si vingi. Unahitaji mpira wa maji uliotengenezwa kwa maji ya kunywa, kwa kawaida mweupe au wa buluu. Ule wa kijani wa bustani huacha ladha ya plastiki, na kama umelala juani mwaka mzima utarudisha ndani ya tangi uchafu uleule unaotaka kuuondoa. Uwe pia na ndoo safi, glavu za mpira, jagi la kupimia mililita, brashi laini yenye mpini mrefu, sabuni ya vyombo isiyo na manukato makali, utepe mweupe wa mafundi bomba, washa kadhaa za mpira (pete za kuzibia viungio) na kichujio kipya. Washa na viungio vya mabomba hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na vile vidogo vya magari ukivikosa huko, jaribu Kirinyaga Road.

Dawa yenyewe ni klorini ya kufulia nguo nyeupe, ile ambayo wengi wetu huiita Jik hata kama ni ya kampuni nyingine. Soma lebo kabla ya kulipa. Unataka chupa ambayo dawa yake ni sodiamu haipokloraiti tupu, isiyo na manukato, rangi, wala kitu cha kuifanya iwe nzito. Angalia asilimia iliyoandikwa na tarehe ya kutengenezwa, kwa kuwa klorini hupungua nguvu kadiri inavyokaa, na hupungua upesi zaidi ikiwekwa kwenye joto au mwanga. Chupa iliyosimama dirishani mwa duka kwa miezi mingi iache hapohapo. Chembechembe za klorini za mabwawa ya kuogelea zina nguvu mara nyingi zaidi, na asiyezizoea anaweza kukosea kipimo kwa urahisi au kuacha punje isiyoyeyuka ikila ukuta wa tangi, kwa hiyo sizipendekezi kwa kazi hii.

Kujua kilichomo ndani kabla ya kufungua chochote

Gari letu lilipofika kutoka Uingereza, nilifungua mfereji wa jikoni nikitarajia hewa tu, na badala yake ukatoka umajimaji wa rangi ya waridi wenye povu. Fundi aliyekuwa akinisaidia alinishika mkono. Aliniambia, "Mzee, usiguse hiyo wala usionje mpaka tujue ni ya aina gani." Alikuwa na haki, na nimeendelea kumshukuru.

Dawa za kuzuia maji kuganda zipo za namna mbili zilizo mbali sana kwa hatari. Ile inayotengenezwa kwa ajili ya mifumo ya maji ya magari ya kambi ni ya propilini glikoli, kemikali yenye sumu ndogo sana ambayo hutumika hata katika vyakula. Ile ya rejeta ya injini kwa kawaida ni ya ethilini glikoli, ambayo ni sumu kali: ina utamu unaowavuta watoto na mbwa, na kiasi kidogo tu huharibu figo na kuua. Usitegemee rangi kuzitofautisha, kwa sababu dawa za rejeta nazo huuzwa zikiwa za waridi, nyekundu, kijani au buluu. Tegemea karatasi. Muulize aliyekuuzia gari alitumia dawa gani, omba picha ya chupa, na utafute kwenye makabati, kwani mara nyingi chupa iliyobaki husafiri pamoja na gari. Ikiwa ushahidi unaonyesha dawa ya rejeta, au hakuna anayejua, ushauri wangu ni mkali: usiwahi kunywa wala kupikia maji ya mfumo huo mpaka tangi, mirija na hita vibadilishwe. Beba maji ya kunywa kwenye mitungi.

Waingereza wengi hawatumii dawa yoyote; humwaga maji na kuacha mifereji wazi. Hapo shida ni nyingine. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na matone yaliyobaki kwenye kiungio, kwenye kichwa cha pampu au ndani ya mfereji wa shawa yanatosha kupasua plastiki. Ufa huo hauonekani gari likiwa kavu. Ndiyo sababu jaribio la uvujaji, nitakalolieleza hivi karibuni, linatangulia dawa na halifuati baada yake.

Kumwaga na kufunga vali

Egesha gari mahali pa usawa, karibu na mfuniko wa bomba la majitaka. Zima hita ya maji na ufunge gesi yake. Kama hita ilikuwa ikifanya kazi, ngoja maji yake yapoe kabisa. Hita isiwashwe tena kwa sababu yoyote mpaka iwe imejaa maji safi, kwa kuwa hita tupu ikiwashwa inaweza kuungua.

Fungua vali za kumwagia maji za tangi na za hita, kisha fungua mifereji yote, ya moto na ya baridi, ili hewa iingie na maji yashuke. Usisahau shawa ya nje nyuma ya gari. Ukiwa na dawa ya waridi, ikinge kwenye ndoo, kisha uimwage chooni au kwenye bomba la majitaka. Usiiache itiririke kwenye mtaro wa mvua, kwa sababu mitaro yetu huishia Mto Nairobi na vijito vyake.

Maji yakiisha kutoka, funga vali moja baada ya nyingine huku ukizihesabu. Magari mengi ya Ulaya yana hita za kampuni ya Truma, na baadhi yake zina vali ya usalama iitwayo FrostControl inayojifungua yenyewe joto linaposhuka hadi karibu nyuzi 3, ili maji yamwagike kabla ya kuganda. Ikishajifungua haijifungi yenyewe. Lazima uifunge kwa mkono, na haikubali kufungwa mpaka joto mahali ilipo lipite takriban nyuzi 7. Gari lililotoka Ulaya wakati wa baridi linaweza kufika hapa vali hiyo ikiwa wazi, na mwenyewe akashangaa kwa nini kila anachojaza kinachuruzika chini ya gari, akaanza kubomoa kabati akitafuta ufa usiokuwapo. Kwa Nairobi, ukiifunga itabaki imefungwa. Ukilala Kinangop au kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ifikirie tena.

Magari yaliyowekewa dawa ya kuzuia kuganda mara nyingi huwa na vali za kuipita hita, zilizogeuzwa ili dawa isiingie ndani yake. Ziache hivyo wakati wa kusuuza dawa ya baridi, uzirudishe baadaye.

Toa sasa vichujio vyote. Kichujio cha makaa kilichokaa na maji miezi sita ni cha kutupwa, si cha kuoshwa. Kichujio kidogo cha waya kilicho mbele ya pampu fungua kikombe chake, usugue wavu wake kwa brashi ya meno, na ukirudishe, kwani pampu inahitaji kinga hiyo. Pahali pa kichujio cha makaa weka kikombe chake kikiwa kitupu au kipande cha bomba la kuunganisha.

Kuosha tangi na kujaribu uvujaji

Matangi mengi yana mdomo mpana juu yake. Fungua, uangaze tochi, na upitishe kidole kwenye ukuta wa ndani ukiwa umevaa glavu safi. Ukihisi utelezi kama wa samaki, huo ni utando wa bakteria, na ndani yake vijidudu hukaa kana kwamba vimejengewa ngome. Klorini itaua vilivyo juu na kuviacha vya chini. Sugua kwa brashi laini na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, hasa pembe, pande za juu na mdomo wa bomba linalokwenda kwenye pampu. Usitumie brashi ya waya, kwa sababu mikwaruzo huwa makazi mapya ya utando huo. Kwa tangi lenye harufu ya uvundo bila utelezi mwingi, yeyusha kikombe kimoja cha bikaboneti ya soda, ile ya kuokea, katika lita 4 za maji ya uvuguvugu, uimimine ndani, uongeze maji kiasi na kuyaacha usiku kucha. Magadi ya mawe tunayopikia maharagwe hayafai hapa, kwa kuwa yana mchanga na chumvi nyingine.

Usipuuze bomba la kupumulia la tangi. Gari likikaa uani kwa miezi, nyigu huweza kuliziba kwa udongo, na vumbi jekundu hukamilisha kazi. Dalili yake ni tangi linalokataa kujaa upesi na kurusha maji kwenye mdomo wa kujazia. Lizibue kwa waya mwembamba, kisha ufunge kipande cha wavu wa mbu mwishoni mwake.

Mimina lita 30 za maji safi, washa pampu, na ufungue mfereji mmoja mmoja kuanzia ulio karibu na pampu hadi wa mwisho. Mifereji itakohoa hewa kwanza. Endelea mpaka maji yatoke laini na, kama kulikuwa na dawa ya waridi, mpaka rangi na povu vipotee kabisa. Mwaga, urudie kwa lita nyingine 30, na safari hii zirudishe vali za hita mahali pake ili maji yaingie ndani yake. Utajua hita imejaa mfereji wa moto ukitoa maji mfululizo bila hewa.

Kabla ya kumwaga maji ya mara ya pili, funga mifereji yote ukiacha pampu ikiwa imewashwa. Pampu inapaswa kunyamaza na kubaki kimya. Ikinguruma kidogo kila baada ya dakika chache huku hakuna aliyefungua maji, mahali fulani pana uvujaji. Pangusa viungio vyote kwa karatasi kavu, ukianza chini ya sinki, nyuma ya choo na kuzunguka pampu, kwani karatasi huonyesha tone ambalo jicho halilioni. Kaza, badilisha washa au zungushia utepe, kisha ujaribu tena. Ukiruka hatua hii, uvujaji utaugundua baadaye ukiwa wa maji yenye klorini juu ya mbao na godoro.

Kipimo cha klorini

Kipimo kinachokubalika kwa kazi hii ni miligramu 50 za klorini kwa kila lita ya maji, zikae saa 4. Au miligramu 100 kwa lita, zikae saa 1. Mimi huchagua cha kwanza, kwa kuwa ni chepesi kwa mipira ya vali na kwa chuma. Hesabu yake ni hii: zidisha lita za mfumo mzima kwa miligramu unazotaka, kisha ugawanye kwa asilimia ya dawa iliyozidishwa kwa 10. Kwa mfano wetu, lita 80 mara 50 ni 4,000. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, gawanya kwa 35, utapata mililita 114. Ikiwa imeandikwa asilimia 5, gawanya kwa 50, utapata mililita 80. Miongozo ya Marekani hutaja vipimo vya dawa yenye nguvu zaidi ya nyingi zinazouzwa hapa, kwa hiyo mtu akinakili kikombe chao bila kusoma lebo yake anapata dawa pungufu na haambiwi na mtu.

Hesabu maji ya hita pamoja na ya tangi, lakini kwanza soma kitabu cha hita yako. Watengenezaji kadhaa wa hita zenye tangi la chuma cha pua hawataki klorini ndani yake. Ikiwa kitabu kinakataza, zigeuze tena vali ili dawa ipite pembeni, na hita uiue vijidudu kwa joto mwishoni. Kwa hali yoyote, usipashe moto maji yenye klorini.

Vaa glavu na nguo ambazo hutajali zikipauka, na ufungue milango ya gari. Jaza tangi hadi nusu, changanya dawa uliyoipima katika ndoo ya maji, mimina mchanganyiko huo kupitia mdomo uleule unaojazia maji siku zote ili njia hiyo nayo ioshwe, kisha jaza mpaka maji yafurike kidogo kwenye bomba la kupumulia. Kufurika huko ni muhimu, kwani paa la tangi na bomba la kupumulia havitaguswa na dawa kwa njia nyingine.

Onyo moja lisilo na mjadala: klorini na siki visikutane kamwe, wala klorini na sabuni yenye amonia, wala klorini na dawa ya choo yenye asidi. Gesi inayozaliwa hapo ndani ya chumba kidogo kama gari huumiza mapafu na inaweza kuua. Wanaopenda kutumia siki kuondoa ladha au ukoga wa chokaa waitumie siku nyingine, baada ya kusuuza mpaka klorini iishe.

Pua kwenye kila mfereji

Washa pampu na upite kwenye kila mfereji, upande wa baridi na wa moto, jikoni, kwenye beseni, shawa ya ndani, shawa ya nje, na kitufe cha kusuuzia choo ikiwa choo kinatumia maji ya tangi hilo. Usiufunge mfereji wowote mpaka unuse harufu ya klorini dhahiri. Kama huna uhakika na pua yako, karatasi za kupimia maji ya bwawa la kuogelea hufaa. Ongeza maji tangini yakishapungua ili libaki limejaa.

Mwaka wa kwanza nilisimama kwenye mfereji wa jikoni dakika nyingi bila kupata harufu yoyote, wakati shawa ilikuwa inanukia tangu mwanzo. Nilikuwa nimesahau kichujio cha makaa chini ya sinki, nacho kilikuwa kinainywa klorini yote. Kama ningemimina na kwenda zangu, mfereji uleule tunaokingia maji ya kunywa ungebaki kama ulivyokuwa. Tangu hapo kunusa ndiko ninakokuamini.

Acha mfumo saa 4 bila kuugusa. Mwishoni fungua tena kila mfereji. Harufu ikiwa ingalipo, kazi imefanyika. Ikiwa imepotea kwenye mfereji fulani au kwenye mfumo mzima, maana yake uchafu ulikuwa mwingi kiasi cha kuimaliza dawa kabla ya wakati; rudi kwenye brashi, kisha upime dawa upya.

Kaseti ya choo (kisanduku cha kuchomoa kinachopokea kinyesi) na tangi la maji machafu hayamo katika hesabu hii. Usimimine klorini ndani ya kaseti, kwani huharibu mpira wake wa kuzibia, na ikikutana na dawa nyingine ya choo unarudi kwenye onyo la gesi. Ioshe kwa sabuni, uipake mpira wake mafuta yanayopendekezwa na mtengenezaji, basi.

Kusuuza kwa hesabu

Mwaga maji yote kwenye bomba la majitaka. Usiyaelekeze kwenye mtaro, kwenye bustani, wala kwenye shimo la choo la nyumba lenye bakteria wanaosaga taka.

Sasa ile hesabu. Tangi likishamwagwa hubaki na maji ambayo vali haiyafikii. Tuseme lita 5. Ukiongeza lita 30 safi, zile miligramu 50 zinagawanywa katika lita 35, na unabaki na takriban miligramu 7 kwa lita. Mwaga, ongeza lita 30 nyingine, inabaki takriban miligramu 1. Mara ya tatu inabaki chini ya miligramu 0.2. Shirika la Afya Duniani limeweka miligramu 5 kwa lita kuwa mwongozo wa juu wa klorini katika maji ya kunywa, kwa hiyo kusuuza mara mbili kunatosha kwa afya na mara ya tatu ni kwa ajili ya ladha. Tangi moja lililojaa lita 70 na kumwagwa lingeacha zaidi ya miligramu 3 kwa matumizi ya maji zaidi ya yale ya kusuuza kwa nusu mara mbili.

Katika kila raundi, endesha gari pole pole likiwa na hizo lita 30 ndani. Matuta ya barabara za mtaani, ambayo siku nyingine hutuchosha, huyarusha maji mpaka kwenye paa la tangi na kuliosha vizuri kuliko mkono. Ukirudi, pitisha maji hayo kwenye mifereji yote, hita ikiwamo, ndipo umwage. Kama hita ilipitwa na dawa, ijaze maji safi, iwashe mpaka maji yafike nyuzi 60 au zaidi, uyaache kwa joto hilo kwa nusu saa, kisha uyapitishe kwenye mifereji ya moto kwa uangalifu ili asiungue mtu. Bakteria wa lejionela, ambao hupenda maji vuguvugu yaliyotulia na huingia mapafuni kupitia matone madogo sana yanayorushwa na shawa, hawastahimili joto hilo.

Funga kichujio kipya cha makaa mwisho kabisa.

Maji unayojazia safari

Tangi safi halisafishi maji machafu. Maji ya jiji yanayotoka mabwawa ya Ndakaini, Sasumua na Ruiru hutibiwa kabla ya kutufikia, lakini yakishalala kwenye tangi la paa ambalo halijaoshwa miaka mitatu hayana tena ulinzi huo. Maji ya boza na ya mkokoteni hayana cheti mkononi mwa anayeyauza. Kwa haya tumia dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa, kama WaterGuard au Aquatabs, kwa kipimo cha kwenye lebo, na ungoje nusu saa kabla ya kunywa.

Maji ya visima virefu yanahitaji neno la pekee. Visima vingi vya Nairobi na vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi, ile inayowaachia watoto meno ya kahawia, na kikomo cha maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Klorini haiiondoi floraidi, kuchemsha hakuiondoi, na kichujio cha kawaida cha makaa hakiiondoi. Kwa kuoga na kuoshea vyombo hayana neno. Kwa watoto wadogo kunywa kila siku, chukua maji mengine.

Ukirudi safarini, mwaga tangi na hita siku hiyohiyo, fungua mifereji yote mpaka ikauke, kisha uifunge ili wadudu wasiingie. Gari linalotumika mara kwa mara lifanyiwe kazi hii mara mbili kwa mwaka. Mimi huifanya mwisho wa Mei na mwanzo wa Desemba. Lililolala na maji kwa zaidi ya wiki chache lifanyiwe kabla ya safari yoyote, hata kama ni ya usiku mmoja. Ndani ya mlango wa kabati la sinki nimebandika karatasi yenye tarehe ya mwisho, ujazo wa tangi na wa hita, asilimia ya dawa niliyotumia na mililita nilizopima, ili yeyote atakayelichukua gari baada yangu asianze hesabu upya.